Seli Inapokula Vilivyo Vyake: Hotuba Mbele ya Wakazi wa Lamu

Bismillahi Rahmani Rahim. Mashekhe wetu, wazee wangu, mama zangu, walimu, wauguzi na wanafunzi mliovuka kutoka Shela, Matondoni na Kipungani, pamoja na ndugu zetu wa dini nyingine mliotuheshimu kwa kuja, Assalaam alaikum na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo, tangu mwezi wa Rajabu uingie, limekuwa likizunguka katika simu zetu: kwamba mtu akikaa na njaa kwa saa kadhaa, na wengi hutaja saa 16, seli za mwili wake huanza kujila zenyewe, na kwa kujila huko hula saratani, hula kisukari, hula na uzee, na kwamba Mjapani mmoja alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuyathibitisha hayo. Mjapani yupo, tuzo ipo, na seli kwa kweli hujila. Hayo mengine yaliyoambatishwa ndiyo yaliyonileta mbele yenu. Rai yangu nitaiweka wazi mapema ili kila mmoja apate kunipima nayo: kujila kwa seli, ambako wanasayansi hukuita otofajia, ni kazi ya kila siku inayokwenda kwa kipimo, na kipimo hicho hutofautiana baina ya ini na ubongo, baina ya mtoto mchanga na mtu mzima, baina ya seli yenye afya na seli ya saratani. Kwa hiyo anayetuambia kwamba otofajia ni nzuri na tuiongeze, bila kusema wapi, lini na kwa nani, hajatuambia kitu bado.

Mtu mzima hula gramu 70 hivi za protini kwa siku, awe amezipata kwa samaki, kwa kunde au kwa maziwa. Katika siku hiyo hiyo mwili wake huunda gramu 200 hadi 300 za protini mpya. Tofauti hiyo haitoki sokoni. Inatoka ndani ya mwili wenyewe, kwa protini kuukuu kuvunjwa na vipande vyake, yaani asidi amino, kuingizwa katika kazi mpya. Mafundi wa Matondoni wanaolivunja jahazi bovu na kuchagua mbao na misumari inayofaa kuingia katika jahazi jingine wanaielewa hesabu hii vizuri kuliko wengi waliokwenda shule, na wanajua pia kwamba fundi asiyechagua, akavunja ovyo, hubaki na kuni.

Seli ina njia kuu mbili za kuvunja. Ya kwanza ni proteasomu, chombo kidogo kinachoshughulikia protini moja moja baada ya kutiwa alama ya ubikwitini. Waliogundua alama hiyo, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, walipata Nobel ya kemia mwaka 2004. Chombo hicho, hata hivyo, hakiwezi kumeza kitu kikubwa, na seli ina vitu vikubwa vingi vinavyochakaa.

Njia ya pili ndiyo mada yetu. Seli inapopata ishara, utando mwembamba huanza kujitandaza ndani yake, ukakua, ukajipinda na kukizingira kile kilicho mbele yake, kiwe ni ute wa seli tu, au mitokondria, yaani kinu cha nishati cha seli, iliyoharibika, au bonge la protini zilizoshikana, au bakteria aliyeingia bila idhini. Kingo za utando zinapokutana hupatikana kifuko kilichofungika chenye kuta mbili, cha upana wa maikromita moja hivi, kwa maana kwamba vifuko 1,000 vikipangwa mstari mmoja hufika milimita moja. Kifuko hicho husafirishwa hadi kwenye lisosomu, ambayo imejaa asidi na vimeng'enya vya kuvunja karibu kila aina ya kijenzi cha mwili. Ukuta wa nje wa kifuko huungana na utando wa lisosomu, kilichomo ndani huvunjwavunjwa, na asidi amino, sukari na mafuta yanayopatikana hurudishwa katika ute wa seli kutumika upya. Kuna njia nyingine mbili zinazohesabiwa pia kuwa otofajia, moja ambayo lisosomu yenyewe hubonyea na kumeza kidogo kidogo, na nyingine ambayo protini zenye alama maalumu huvushwa utando wake moja baada ya nyingine, lakini leo nitaziacha, kwa kuwa yanayosemwa mitaani yanahusu hii ya vifuko.

Ugunduzi wa lisosomu ulikuja kwa mlango wa nyuma. Christian de Duve, Mbelgiji wa Chuo Kikuu cha Louvain, alikuwa akichunguza namna insulini inavyofanya kazi katika ini la panya, na kimeng'enya kimoja alichokuwa akikipima kwa ajili ya kulinganisha tu kilimletea matokeo ya ajabu: katika ini lililosagwa siku hiyo kilionekana kidogo, na sampuli hiyo hiyo ikikaa siku tano ndani ya jokofu kilionekana kingi. Mtu mwenye haraka angeitupa sampuli. De Duve alitambua kwamba kimeng'enya kilikuwa kimefungiwa ndani ya kifuko, na kwamba baridi na muda vilikuwa vimekipasua kifuko hicho, na mwaka 1955 akakitangaza kwa jina la lisosomu. Mwaka 1962 Thomas Ashford na Keith Porter waliwapa panya homoni ya glukagoni, ambayo mwili huitoa wakati wa njaa, wakaona kwa hadubini ya elektroni mitokondria zikiwa ndani ya vifuko katika seli za ini. Mwaka 1963, katika mkutano uliofanyika London, de Duve akalipa jambo hilo jina la otofajia. Nobel yake aliipata mwaka 1974 pamoja na Albert Claude na George Palade.

Kisha jambo likalala kwa takriban miaka 30. Watu waliviona vifuko kwa hadubini na kuvieleza kwa ufasaha, lakini hakuna aliyejua jeni zinazoviunda, na usipoijua jeni huwezi kuizima ukatazama ni nini kinaharibika bila yake.

Aliyeliamsha ni Yoshinori Ohsumi, mzaliwa wa Fukuoka wa mwaka 1945, ambaye hakupata maabara yake mwenyewe hadi mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akiwa na umri wa miaka 43. Alichagua kufanyia kazi hamira, jamii ile ile ya hamira inayoumua mahamri yetu. Seli ya hamira ina chumba kikubwa kiitwacho vakuoli, kinachofanya kazi ya lisosomu, ila kitu kikishaingia humo huvunjwa upesi hata kisionekane. Ohsumi alichukua hamira zilizokosa vimeng'enya vya kuvunjia, akazinyima chakula, akazitazama kwa hadubini ya kawaida ya mwanga. Baada ya muda mfupi vakuoli zilijaa vitone vidogo vikirukaruka. Alikuwa ameziba mlango wa kutokea, na kile kilichokuwa kikipotea kabla ya kuonwa kikakwama mahali pa kuonwa. Naomba mlishike jambo hili la kuziba mlango, kwa sababu nitalihitaji tena. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1992, na mwaka uliofuata yeye na Miki Tsukada wakatangaza makundi 15 ya hamira zilizoharibika jeni za kazi hiyo, ambazo zikinyimwa chakula hufa mapema. Leo jeni zinazojulikana ni zaidi ya 40.

Ohsumi alipewa Nobel ya fiziolojia au tiba mwaka 2016, peke yake, kwa kugundua namna otofajia inavyofanyika. Hakumpima mtu aliyefunga saa 16, wala hakuandika ratiba ya kula. Ninasema hivi bila kumpunguzia heshima; kinyume chake, naona ni kumvunjia heshima mzee wa watu kumtwisha maneno ambayo hakuyasema.

Kutoka hamira hadi wanyama wanaonyonyesha ni mwendo mrefu, na aliyeuongoza zaidi ni Noboru Mizushima, aliyefanya kazi katika maabara ya Ohsumi na kuonyesha mwaka 1998 kwamba seli za binadamu zina jeni zinazofanana na zile za hamira na zinazofanya kazi kwa mtindo ule ule. Mwaka 2004 yeye, Akiko Kuma na wenzao walitangaza jaribio ambalo mimi huliona kuwa zuri kuliko yote katika elimu hii. Waliwazalisha panya wasio na jeni moja ya otofajia, iitwayo Atg5. Panya hao walizaliwa wakiwa na umbo karibu la kawaida, kisha wakafa kabla ya kutimiza siku moja. Wakunga waliomo humu wataelewa haraka kuliko mimi. Mtoto aliye tumboni hulishwa na kondo la nyuma bila kukatika, na kitovu kinapokatwa chakula hicho hukoma ghafla kabla maziwa hayajatoka ya kutosha. Katika saa hizo chache za mwanzo seli za mtoto wa panya, za moyo, za mapafu, za misuli, hupandisha otofajia kwa kiwango kikubwa na kuishi kwa akiba yao wenyewe, na baada ya siku moja au mbili kiwango hushuka. Asiye na jeni ile hupungukiwa na asidi amino katika damu na katika viungo. Njaa hapa ilikuwa ya kweli, na otofajia ilikuwa riziki.

Miaka miwili baadaye yalikuja majaribio mengine mawili kutoka Japani, na haya yanatupeleka upande mwingine kabisa. Safari hii jeni za otofajia, Atg5 katika kundi moja na Atg7 katika jingine, ziliondolewa katika seli za neva pekee, na panya wakalishwa kama kawaida. Hawakuwa na njaa hata kidogo. Hata hivyo walianza kuyumba na kushindwa kutembea vizuri, na ndani ya seli za ubongo wao yakakutwa mabonge ya protini zilizoshikana, mfano wa yale yanayoonekana katika maradhi ya ubongo ya wazee. Seli ya neva haigawanyiki. Seli ya ngozi ikichakaa huondoka na nafasi yake ikachukuliwa na nyingine, lakini ya neva ndiyo hiyo hiyo tangu utotoni hadi kaburini, na uchafu wake hauna pa kwenda isipokuwa kwenye lisosomu. Maana yake ni kwamba ipo otofajia ya chini chini, ya kila siku, kwa aliyeshiba na kwa mwenye njaa, na hiyo ndiyo inayotunza ubongo. Mizushima alipowanyima chakula panya aliowafanya vifuko vyao ving'ae kijani, viungo vingi vilijaa nukta za kijani, na ubongo karibu haukubadilika. Watafiti wengine baadaye waliona mabadiliko katika baadhi ya seli za neva za panya wenye njaa, na mjadala huo haujafungwa. Lakini mtu anayeuza njaa kama sabuni ya ubongo anapaswa kuyajua matokeo hayo ya mwanzo.

Kuna na kazi nyingine ambazo hazitajwi kabisa kwenye simu. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu, kabla ya kukomaa, hutupa kiini chake na kuzila mitokondria zake zote, ndipo ikawa mfuko wa himoglobini, protini ibebayo oksijeni, unaoweza kupenya mishipa myembamba kwa takriban siku 120. Yai lililorutubishwa la panya, likikosa otofajia, hukwama lingali na seli nne hadi nane.

Ni nani anayetoa amri? Seli ina protini iitwayo mTOR ambayo hupokea habari za shibe. Asidi amino zikiwa nyingi na insulini ikiwa juu, mTOR huwa macho na kuizuia otofajia. Zikipungua, hulegea na kuiachia. Upande wa pili yuko AMPK, anayepima nishati, na nishati ikishuka yeye huisukuma otofajia ianze. Ipo dawa, rapamaisini, iliyopatikana kutoka kwa bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui katika Bahari ya Pasifiki, ambayo huibana mTOR na hivyo kuiamsha otofajia hata kwa aliyeshiba. Dawa hiyo hupewa watu waliopandikizwa figo, kwa sababu hupunguza nguvu ya kinga ya mwili isiikatae figo mpya. Nimeitaja ili muone kwamba swichi hii haishiki taa moja tu: anayeibonyeza kwa ajili ya otofajia amegusa na kinga, na ukuaji, na uponaji wa vidonda.

Nikifika kwenye maradhi nitaanza na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa viungo, kwa kuwa hapo ushahidi ni wa moja kwa moja. Mwaka 1998 watafiti wa Japani waligundua jeni ya parkin katika familia ambazo ugonjwa huo huwapata watu wakiwa vijana, na mwaka 2004 ikagunduliwa nyingine, PINK1. Miaka minne baadaye maabara ya Richard Youle nchini Marekani ilionyesha kazi ya parkin: mitokondria inapoharibika, protini hiyo huikimbilia na kuiwekea alama ya kuliwa. Anayekosa mojawapo ya jeni hizo hubaki na mitokondria mbovu ndani ya seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa mwili. Wagonjwa wengi wa Parkinson hawana kasoro hiyo ya kurithi, na kwa hiyo si halali kusema kwamba ugonjwa wote umeelezwa.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, ule wa wazee kupoteza kumbukumbu, hadithi ni ya hila zaidi. Watafiti walipochunguza ubongo wa marehemu waliougua ugonjwa huo, walikuta seli za neva zimejaa vifuko vya otofajia. Kwa haraka mtu angesema kwamba seli hizi zinajila kupita kiasi. Lakini vifuko vingi vinaweza kupatikana kwa sababu mbili zilizo kinyume: ama vinatengenezwa kwa wingi, ama vinatengenezwa kwa kiasi cha kawaida na havifiki mwisho wa safari. Ushahidi uliokusanywa tangu mwaka 2005 unaelekea huo upande wa pili, yaani kasoro iko kwenye lisosomu, na kuongeza vifuko mahali ambapo mwisho wa njia umezibika ni kuongeza mrundikano.

Hapa ndipo dawa moja ya zamani inapoingia, na wenye umri wangu katika pwani hii hawajaisahau: klorokwini, uchungu wake uliobaki kooni na mwasho wake uliotukesha usiku kucha, tukijikuna hata homa yenyewe tukaisahau. Kenya iliiondoa katika nafasi ya dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, vimelea vikiwa vimeshaizoea. Ndani ya kimelea, klorokwini huingia katika chumba chenye asidi ambamo himoglobini ya mtu humeng'enywa, na hukizuia kimelea kuihifadhi kwa usalama sumu inayobaki baada ya mlo huo. Ndani ya seli ya binadamu nayo hukimbilia kwenye asidi, na asidi iko kwenye lisosomu. Ikifika huko hunaswa, huivuruga lisosomu na kuzuia vifuko visiungane nayo. Kwa sababu hiyo maabara za ulimwengu zimeifanya klorokwini chombo cha kupimia. Ukitaka kujua kazi inayofanyika katika seli, zigawe seli zako mafungu mawili, moja ulitie klorokwini na jingine uliache, kisha ulinganishe vifuko. Fungu lililozibwa likijaza vifuko vingi zaidi, njia ilikuwa wazi na kazi ikiendelea. Mafungu yote mawili yakilingana, njia ilikuwa imekwisha kuzibika kabla hujaanza. Ni hila ile ile ya Ohsumi na hamira zake. Nawaomba walimu wa sayansi wawafundishe watoto jambo hili hata kama halimo katika mtaala, kwa sababu nusu ya makosa yanayoandikwa juu ya otofajia yanatokana na kuhesabu vifuko na kudhani kwamba umehesabu kazi.

Saratani ndiyo inayouliziwa zaidi, na ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Mwaka 1999 Beth Levine na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba jeni ya otofajia iitwayo Beclin 1 hupunguza ukuaji wa uvimbe, na mwaka 2003 ikaonekana kwamba panya wenye nakala moja tu ya jeni hiyo hupata saratani kwa urahisi zaidi. Hadi hapo simu zetu ziko sahihi: otofajia, kwa kuondoa mitokondria mbovu zinazotoa kemikali za kuharibu jeni, huisaidia seli yenye afya isigeuke. Lakini seli ikishageuka mambo hubadilika. Uvimbe unaokua upesi hukosa damu ya kutosha katikati yake, na seli zilizo humo huishi katika njaa ya kudumu. Nyingi kati yao, hasa za saratani ya kongosho, hutegemea otofajia ili zisife. Kile kilichoilinda nyumba sasa kinamlisha mwizi. Ndiyo maana madaktari wamewajaribia wagonjwa wa saratani haidroksiklorokwini, ndugu ya klorokwini, kwa nia ya kuizima otofajia na si kuiongeza. Katika jaribio moja la saratani ya kongosho iliyosambaa, uvimbe ulipungua kwa wagonjwa wengi zaidi lakini maisha hayakurefuka. Basi mgonjwa ambaye ameshagunduliwa kuwa na saratani na anayekonda kila wiki, tumshaurije afunge kwa siku nyingi ili seli zake zijile? Ushauri huo umewahi kutolewa katika mji huu kwa mtu ninayemfahamu, na nilisikitika sana niliposikia. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji chakula na daktari.

Juu ya kifua kikuu nitasema machache. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba ukiziamsha kwa njaa seli za kinga zilizomezwa na bakteria hao, au tuseme kwa usahihi zilizowameza, wengi wa bakteria huangukia kwenye lisosomu. Hayo yalikuwa ndani ya sahani za maabara. Kazi ya mwaka 2015 juu ya panya wazima ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya kinga iliyodhaniwa kutoka otofajia, katika jeni ile ya Atg5, ilikuja kwa njia nyingine. Na kila muuguzi aliyewahi kugawa dawa za kifua kikuu anajua kwamba utapiamlo huleta ugonjwa huo, wala hauuondoi.

Sasa tuje kwenye Ramadhani. Panya wa maabara ana uzito wa gramu 25 hivi, na siku moja bila chakula humpotezea zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 70 hizo zingekuwa zaidi ya kilo 7 kwa siku, na sidhani kama yuko mfungaji wa Lamu aliyewahi kupungua hivyo, hata Ramadhani ilipoangukia kaskazi yenye jua kali. Hapa kwetu, karibu na ikweta, saumu huchukua saa 13 na ushei mwaka mzima. Aliyekula daku vizuri hutumia saa za mwanzo akimeng'enya, insulini yake ikiwa juu na mTOR ikiwa macho; kisha ini huanza kutoa akiba yake ya sukari, na akiba hiyo huchukua takriban siku nzima bila chakula kwisha. Inawezekana kabisa kwamba katika baadhi ya viungo otofajia hupanda kabla ya adhana ya Maghribi, na mimi sipingi. Kinachokosekana ni kipimo kilichochukuliwa ndani ya ini na ndani ya ubongo wa watu wafungao, kwa kuwa hakuna atakayekubali kukatwa kipande cha ini kila saa ili sisi tujue. Ile saa ya 16 inayotajwa, kana kwamba kuna kengele inayolia, haikupatikana kwa kupima watu.

Mashekhe wetu wataniwia radhi nikiingia kidogo katika lisilo langu. Saumu ni ibada iliyofaradhishwa, na imefungwa na waliotutangulia kwa karne nyingi pasipo mtu kujua kwamba kuna lisosomu; haihitaji cheti cha maabara. Wanaoitetea kwa otofajia wana nia njema, lakini wanaitundika faradhi kwenye msumari ambao kesho utafiti mmoja unaweza kuung'oa. La haraka zaidi ni hili: wapo wenye kisukari wanaojidunga insulini au wanaomeza vidonge vya aina ya glibenklamidi, ambao wameambiwa waziache dawa mwezi mzima kwa kuwa seli zitafanya kazi hiyo zenyewe, na wapo wengine wanaofunga huku wakitumia kipimo kile kile cha dawa bila kumwambia daktari. Wa kwanza sukari yao itapanda hadi kuwahatarisha, na wa pili itashuka alasiri hadi wazimie. Wote wawili wanapaswa kufika kliniki kabla ya Shaabani kwisha ili dawa zipangwe upya au waambiwe wazi kwamba mwaka huu ruhusa ya mgonjwa ni yao. Mama wajawazito, pia, wasisukumwe na habari hizi za seli. Mtoto aliye tumboni bado yuko kwenye kondo, na wakati wake wa kujilisha haujafika.

Limebaki swali la kipimo. Mjini Adelaide, Australia, watafiti wameonyesha njia ya kupima otofajia katika damu ya mtu aliye hai: damu hutolewa kidogo, hugawanywa mara mbili, fungu moja hutiwa klorokwini, na baada ya muda protini ya vifuko iitwayo LC3 hulinganishwa katika chembe nyeupe za mafungu yote mawili. Chembe nyeupe hazitusemei ini wala ubongo. Lakini ni kipimo kinachoweza kuchukuliwa kwa mtu yule yule alfajiri baada ya daku na jioni kabla ya futari, kisha kikarudiwa katika mwezi ambao hafungi, na kwa gharama ambayo maabara nzuri ya nchi hii inaweza kuimudu. Wanafunzi mliokaa huku mbele, kazi hiyo inawezekana, na watu wafungao mnao.

Nawakaribisha wenye maswali. Wauguzi wa kisukari wameketi upande wa kibla, kwa yeyote atakayependa kuzungumza nao faragha.